Mzee wa Lifti na Majina Yetu Matano

Hapana, Kavira, hakuwa Mwingereza, na angekusikia leo ungekiona cha moto. Wewe unasema mtu anayeongea Kiingereza, anayekunywa chai ya maziwa na kuisema mvua vibaya kama jirani mbaya, huyo ni Mwingereza tu, tusisumbuane. Kwa hesabu hiyo Papa, baba yetu anayeongea Kifaransa, ni Mfaransa. Mzee alikuwa Mwelisi. Kwao ni Wales, nchi iliyo ubavuni mwa Uingereza, ina lugha yake, na alitueleza hayo ndani ya lifti mara ngapi? Lifti yenyewe ilikuwa inakwama kila wiki, kwa hiyo muda wa kueleza ulikuwepo.

Kavira ni mdogo wangu, ana miaka kumi na tano, na kazi yake ni kuchungulia daftari la mwenzake. Anauliza pia kwa nini namwandika mzungu kwa Kiswahili wakati mzungu mwenyewe alijua neno "pole" na "hapana" tu. Kwa sababu mimi ndiye ninayeandika. Kiingereza niliongea naye, Kiswahili ndicho ninachofikiria nacho. Haya, ondoka.

Naandika leo kwa sababu ya fomu. Iko ndani ya begi langu la shule, katikati ya kitabu cha hesabu na cha biolojia, hii ni wiki ya tatu. Papa anaamini iko kwenye ofisi ya shule inasubiri muhuri. Haisubiri muhuri wowote. Inasubiri saini yangu, kwa sababu nimeshatimiza umri wa kusaini mwenyewe, na nikisaini nitaacha kuitwa Masika nitaitwa Kambale, kama Papa.

Nieleze haraka kwa asiyejua. Sisi ni Wanande, tumetoka Butembo, mashariki ya Kongo. Kwetu jina la kuzaliwa linafuata zamu. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira. Mvulana wa kwanza anaweza kuwa Paluku, wa pili Kambale. Ukiitwa tu, watu wanajua ulitoka tumboni wa ngapi. Jina la ukoo la wazungu, lile moja linalokaa nyumba nzima, hatukuwa nalo. Sasa tulipokuwa wakimbizi Nairobi, afisa alimuuliza Papa, "Jina la familia?" Papa akajua anaulizwa jina ambalo familia inampa mtoto. Akamtajia kila mtu lake. Akatoka pale anajisifu kwamba amejibu vizuri! Ndiyo tukafika Toronto watu watano tuna majina ya ukoo matano: Papa Kambale, Mama Katungu, mimi Masika, Kavira, na kaka yetu mdogo Paluku. Kwenye karatasi sisi ni watu wasiojuana wanaotumia friji moja.

Mtu wa kwanza Kanada nzima kuielewa habari hii bila kurudiwa alikuwa Mzee wa Lifti.

Alikaa ghorofa ya saba, sisi ya tisa, katika jengo moja la Flemingdon Park, upande unaotazama bonde. Mrefu, mgongo umepinda kama anatafuta kitu alichodondosha, na masikio makubwa yenye nywele. Kofia yake ya sufi sikuwahi kuona ameivua, hata mwezi wa saba. Mara ya kwanza anakutana nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Lifti ikakwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Nilianza kulia. Yeye akatoa kalamu na karatasi akaanza kuandika barua ya malalamiko pale pale, ameiegemeza ukutani, huku ananiuliza tahajia ya maneno ambayo mimi nilikuwa sijui hata maana yake. Akaniuliza na jina. Nikasema Masika.

"Hilo ni la kwako au la baba yako?"

"La kwangu. Ni mimi wa kwanza wa kike."

Akaacha kuandika. "Na baba?"

"Kambale. Mvulana wa pili."

"Na babu?"

Nikamwambia. Akapiga ukuta wa lifti kwa kiganja mpaka nikadhani tunaanguka. "Bach," aliniambia, na hilo ni neno la kwao la kumdekeza mtu, kama kusema kadogo kangu, "nyinyi bado mnafanya vile tulivyokuwa tunafanya sisi!"

Akaanza kunieleza. Zamani kwao kila mtu alibeba jina la baba yake, wanatia neno *ap* katikati, maana yake mwana wa. Mtoto wako naye anabeba lako. Jina linatembea na watu. Halafu wakaja makarani wa sheria ya Kiingereza na vitabu vyao, hawataki jina linalotembea, wanataka linalokaa. Karani akiuliza, mtu anamtaja baba yake, karani anaandika, na jina linaganda siku hiyo mpaka leo. Wakati mwingine hata lile *ap* lenyewe liliganda, likagandamana na jina la baba mpaka haliachani nalo. Na kwa kuwa wakati ule watu walipenda kuwapa watoto majina machache yale yale, bonde zima likabaki na majina ya ukoo manne au matano. "Darasani kwangu," alisema, "mwalimu akiita jina langu wanasimama kumi na moja."

Kwa hiyo wakawa wanaitana kwa kazi. Kuna wa Posta, kuna wa Mkate, na mchonga majeneza naye ana lake. Baba yake alikuwa wa Maziwa, kwa sababu alizungusha maziwa na gari la farasi. Yeye mwenyewe alifanya kazi katika kiwanda cha maziwa kabla ya kuja Kanada, lakini huku, alisema, miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyemwita kwa kitu chochote. Sasa watoto wa jengo, Waswahili na Wasomali na Waafghani, walikuwa wanamwita Mzee wa Lifti kwa kumtania kwa sababu ya barua zake. Siku aliponiuliza maana yake nikaona aibu, nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi sasa ndiyo nimehamia," akasema. Tangu hapo barua zake kwa wenye jengo alikuwa anamalizia na jina hilo, kwa Kiswahili, na ofisi ikawa inamjibu hivyo hivyo.

Lile jina lake la kwenye sanduku la barua sitaliandika. Liko mara nne katika jengo letu, na mmoja wa wenye nalo ni mama Mjamaika wa ghorofa ya tatu. Mzee alipogundua alifurahi kama amepata ndugu. Akamsimamisha mlangoni, mimi nipo.

"Wewe na mimi ni wa bonde moja!" akamwambia.

Yule mama akamtazama kwanza viatu, kisha kofia. "Mimi langu nimelipata kwa mwenye shamba la miwa aliyewamiliki wazee wangu, mpenzi. Labda alikuwa mjomba wako."

Mzee akarudi zake juu. Siku mbili hakuonekana. Siku ya tatu akashuka ngazi, maana lifti ilikuwa mbovu, na keki ya zabibu kavu mkononi, akagonga kwa yule mama akasema, "Sikuwa nimefikiria." Hiyo tu. Hayo maneno sikuwahi kumsikia akiyasema tena kwa mtu mwingine yeyote. Yule mama alikula keki ila alisema ilikuwa kavu, na ni kweli.

Sasa nisimfanye malaika, sipendi watu wanavyoandika wazee kama walizaliwa wamekufa vizuri. Alikuwa mbishi wa kuchosha. Neno lake kubwa lilikuwa kujitawala. Kwake kila kitu kilikuwa habari ya kujitawala. Takataka hazijazolewa? Ni kwa sababu anayeamua anakaa mbali. Joto limezimwa mapema? Anayeamua ana koti zuri. "Usimruhusu mtu aamue juu ya bomba ambalo hajawahi kuoga kwalo," alikuwa akisema. Alianzisha kamati ya wapangaji, jambo zuri, watu wakaja chumba cha chini na viti vyao. Mkutano wa pili akataka kila ghorofa iwe na mwakilishi wake na haki ya kukataa. Watu wakapiga kura, wakamkatalia. Unajua alifanya nini? Akajitoa! Akatangaza kwamba ghorofa ya saba haimo tena. Wa ghorofa ya saba wenyewe hawakuwa na habari. Baba Mwafghani wa huko alipanda kwetu kumuuliza Papa kama kodi itabadilika.

Na asubuhi ile baada ya Waskoti kupiga kura wakakataa kujitenga na Uingereza, nilimkuta kwenye lifti na sura ya msiba.

"Waoga," akasema. Hata hujambo hakuna. "Wamepewa ufunguo wa nyumba yao mkononi, wameurudisha!"

Papa alikuwepo, anaelekea kazini, kule kwenye maghala ya Rexdale, mabasi mawili na treni. Akaniambia nimtafsirie: "Muambie, muzee, si kwenu kule. Weye ni wa Wales."

"Ni binamu zangu! Waskoti, Waayalandi, sisi, wale wa Bretania kule Ufaransa. Wakelti wote. Binamu akijiaibisha unaona haya wewe."

"Hata wangesema ndiyo, ile lifti ingekwama tu," Papa akasema. Nikatafsiri. Mzee akajaribu kukasirika, akashindwa.

Ni hiyo Bretania iliyomleta jikoni kwetu. Papa alimkaribisha chai kwa sababu alikuwa na kitu cha kumwambia. Akakaa, kofia kichwani, akala sambusa tatu, Papa akaanza, mimi katikati natafsiri mpaka ulimi unauma.

Papa alisema kwenye shule yao ya misheni kulikuwa na padri aliyekuwa akiudhika akiitwa Mfaransa. "Alikuwa anasemaka: mi si Mufaransa, mi ni Mubretoni. Jina yake, alitufasiriaka, ni kusema mufua-chuma."

"Mhunzi," Mzee akasema, "kwetu pia lipo!"

"Sasa pale masomoni kulikuwaka ile kitu, kipande ya mubao na kamba. Ukisema Kinande ao Kiswahili, wanakuvalisha shingoni. Unashinda nayo mpaka usikie mwengine anakosea, unamupatia. Wa mwisho jioni, fimbo. Jina yake tulisemaka *symbole*."

Mzee alikuwa ameshaweka kikombe chini. Alisema babu yake alivaa ubao huo huo, na herufi zimechongwa juu yake, kwa kosa la kuongea Kiwelisi shuleni. Na kule Bretania watoto walivaa pia, na waliuita kwa jina hilo hilo la Papa.

"Yule padri alituambiaka," Papa akasema. "Naye alivalaka, akiwa mutoto."

"Kwa hiyo aliwahurumia."

"Muambie," Papa akaniambia, "muambie ni yeye mwenyewe ndiye alikuwa ananivalisha."

Nilitafsiri. Mama aliacha kukoroga. Halafu Mzee akaanza kucheka, cheko baya la chini kwa chini, na Papa akamfuata, wakacheka wazee wawili mpaka Papa akajifuta macho na kitambaa cha vyombo. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nadhani hata wao hawakukiona.

Lakini huyo huyo, aliyemlilia babu yake, binti yake mwenyewe hakumfundisha Kiwelisi hata neno la kuombea maji. Binti anakaa Calgary, magharibi ya mbali ya Kanada. Nilimuuliza kwa nini. "Huku angeongea na nani?" akanijibu mkavu. Na bado alikuwa anamgombeza Mama kwenye lifti kwa sababu sisi watoto tukisemeshwa Kiswahili tunajibu Kiingereza. Siku moja akanipa mtihani. Mlango mnauitaje kwenu? Mlango, nikasema. Maji? Maji. Akaandika kwenye kibahasha, anafurahi. Nikajisikia vibaya, nikamwambia ukweli, kwamba hicho ni Kiswahili, Kinande ni kingine, na sikijui. Bibi ndiye alikijua. Akarudisha kalamu mfukoni. "Kumbe na nyinyi mna Kiingereza chenu," akasema, "kinaitwa Kiswahili." Nilinuna wiki nzima. Ilikuwa kweli, ndiyo maana.

Sasa turudi kwenye fomu. Vuli iliyopita Paluku, ambaye ana miaka minane, alivunjika mkono uwanjani. Mama alimkimbiza hospitali na ile sare yake ya kazi, maana anaosha wazee nyumbani kwao. Dirishani wakaangalia karatasi: mtoto Paluku, mama Katungu. Wakamwambia akae pembeni wahakikishe kama kweli ni mama yake. Mtoto analia, mama anatazamwa kama mwizi wa watoto. Ilichukua zaidi ya saa moja, mpaka Papa akafika na karatasi zote, na hata yeye, jina lake la tatu tofauti! Papa hakupiga kelele. Alirudi nyumbani akasema, "Jina itakuwa moja. Mara ile niliulizwa, nilijibu mubaya. Sasa nitajibu muzuri." Akaleta fomu nne.

Namwelewa. Nataka hilo liandikwe. Wadogo zangu walisaini na kusainiwa bila neno, Mama alisema yuko nyuma ya mumewe. Mimi ndiye mjuaji. Lakini nikiangalia ile karatasi naona mvulana wa pili, na mimi si wa pili wala si mvulana. Bibi yangu alikuwa Masika, shangazi yangu Masika, kila nyumba kwetu ina Masika wake, ndiye anayeachiwa funguo. Kumwambia Papa "sitaki" usoni nilishindwa, baada ya kumwona vile alivyotoka hospitali. Nikasema shule inataka kugonga muhuri kwanza. Kanisani ameshawatangazia watu kwamba familia ya Kambale inakamilika mwezi huu. Kila jioni ananiuliza, "Muhuri?" Nami nasema, "Bado, Papa."

Leo mchana nilishuka ghorofa ya saba kumsaidia Mzee kufunga maboksi. Binti yake anakuja Jumamosi kumchukua, anahamia Calgary, moyo na magoti vimekataa kukaa peke yake. Nyumba ilikuwa imebaki kuta. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ananiamrisha: hiki hapa, hicho pale, usikunje hiyo. Nikakuta boksi la viatu limejaa picha na karatasi za kampeni za kwao, za zamani, zimegeuka rangi ya chai. Za kura ya kwanza ya kujitawala, akasema, kabla hajaja Kanada. Wengi walikataa. Mara ya pili, yeye yuko huku tayari, ikapita kwa chupuchupu.

"Wewe ulizigawa hizi?"

"Baba. Alizipeleka pamoja na maziwa, kila mlango."

"Na wewe ukapiga ndiyo."

Akachukua ile karatasi akaitazama nyuma, ambako hakuna kitu. "Nilipiga hapana."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

"Bosi wa kiwanda alisema tukijitawala kiwanda kinafungwa. Nilikuwa na mke mja mzito. Niliogopa, bach, basi. Nikaweka alama pale kwenye hapana, nikatoka nje, na jioni nikakaa na baba yangu tukilaani watu waoga waliotuangusha. Yeye ananishika bega. Amekufa ananishika bega hivyo."

 Nikasema ujinga: kwamba kiwanda labda kingefungwa kweli.

"Kura hainiumi," akasema. "Mtu ana haki ya kusema hapana. Inaniuma kwamba sikumwambia. Angenitukana siku tatu, halafu angenipa gari la maziwa niendeshe. Namjua."

Ndiyo nikamwambia habari ya fomu. Yote, begi, muhuri, kanisa. Alisikiliza na mdomo wazi. Nilitegemea atanisifu. Nimemkataa karani, si ndiyo hadithi yake ya maisha?

"Kwa hiyo umekataa."

"Ndiyo."

"Umemkatalia nani?"

Nikafunika lile boksi la viatu.

"Umelikatalia begi," akasema. "Begi halina neno. Mimi nililikatalia sanduku la kura, nalo halikuwa na neno."

"Atakasirika."

"Atakasirika sana. Mimi ningekuwa baba yako ningetupa kikombe."

"Sasa nisaini?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nilijitoa kwenye kamati ya lifti!" Akaniashiria nikabandike boksi. "Amua unavyoamua. Lakini yule bwana alisimama dirishani mwa hospitali akaulizwa kama mtoto wake ni wake. Usimfanye aulize na muhuri kila jioni."

Nikabandika maboksi saba. Kwenye kila moja aliniagiza niandike linapokwenda, na jina. Nikauliza jina lipi. "Unalijua," akasema, na nikaandika hilo la Kiswahili, binti yake ataliuliza mwenyewe. Mlangoni nilimpa mkono. Akaushika kwa yote miwili, akaniita Masika mara moja, vizuri, bila kulikata, akanifukuza kwa sababu alikuwa anataka kulala.

Nimeshaamua, na sitaki kulala nikaamua tena. Sitasaini. Kesho asubuhi Papa anaamka saa kumi na moja kuwahi basi la kwanza la Don Mills. Nitaamka kabla yake, nichemshe chai, niweke fomu mezani wazi, bila saini, nimwambie hakujawahi kuwa na muhuri, nilidanganya, na jina langu ni Masika. Nitamwambia pia nitakwenda naye ofisini kuwaandikisha wengine, nitajaza kila mstari kwa mkono wangu, na Paluku akiumia tena nitakimbia mimi na karatasi zote. Akitupa kikombe, nitaokota. Sitaondoka mezani mpaka amalize kusema, hata kama basi la shule litanipita.